Folda zako mwenyewe zakunyima ruhusa? Tupeane uzoefu

Kompyuta ni yako, picha ni zako, ukibonyeza waambiwa "Access denied". Naanza, nanyi endeleeni.

Laptopu yetu hapa Tudor, Mombasa, ilikufa. Tukatoa hadi diski, tukaitia kwenye kasha la USB na kuichomeka kwa mashine ya mdogo wangu. Picha za harusi zote zikagoma, naye akashikilia diski imeoza. Wapi! Windows haimjui mwenye faili kwa jina, yamjua kwa namba ndefu inayoanza na S-1-5, na mashine nyingine hutoa namba nyingine. Hata ukijisajili kwa jina lile lile, kwa faili za zamani wewe mgeni. Tulifungua Properties ya folda, Security, Advanced, tukabadilisha Owner na kutia tiki kwenye "Replace owner on subcontainers and objects". Bila tiki hiyo utafungua mlango wa nje tu, vyumba vyote vibaki na kufuli.

Wa Kisauni: Kubonyezabonyeza kote huko mie siwezi. Nafungua Command Prompt kama msimamizi:

takeown /f "E:\Picha" /r /d y
icacls "E:\Picha" /grant jina_lako:F /t

Ya kwanza yakupa umiliki, ya pili ruhusa. Wengi huishia ya kwanza kisha waje kulalamika. Juzi stima ilipotea katikati ya kazi. Iliporudi nikazirudia zote mbili, mambo yakawa sawa.

Wa Likoni: Kwa wa Ubuntu, ule mfumo wa Linux: binamu yangu alikuwa afungua programu ya muziki kwa sudo, amri ya kuendesha mambo kama root, yaani msimamizi mkuu, basi faili mpya zote zikawa za root. Akatafuta dawa mtandaoni, akapewa sumu ya kumpa kila mtu ruhusa zote kwa mfumo mzima: sudo chmod -R 777 /. Wallahi, hata sudo yenyewe ikakataa kazi, maana ile alama yake ya kuendesha mambo kama root ilifutika. Ikabidi Ubuntu iwekwe upya. Na alichohitaji ni hiki tu, kujirudishia umiliki wa folda ya muziki:

sudo chown -R $USER: ~/Music

Anzeni na ls -l muone faili ni ya nani kabla ya kugusa chochote.

Wa Majengo: Mimi fundi. Mama mmoja aliniletea diski, umiliki nikauchukua vizuri, nyaraka zikakataa vile vile. Kumbe zilifungwa kwa usimbaji wa Windows, EFS. Hapo umiliki haukusaidii. Wataka cheti na ufunguo wake kutoka akaunti ya zamani, faili ya .pfx. Hakuwa nayo, na Windows ile ilishafutwa. Nilimrudishia diski bila kumtoza.

Wa Bamburi: Na ile "Documents and Settings" ndani ya C, mbona hainifungukii hata nikiwa msimamizi?

Wa Majengo: Hiyo iache, ndugu yangu. Ni kielekezi tu cha kwenda Users, haina kitu ndani. Na WindowsApps, folda ya programu za Store, pia usiichokoze, mwenyewe ni TrustedInstaller, akaunti ya Windows yenyewe.

Wa Kisauni: Nyongeza kwa wanaohama mashine: nakilini kwanza kwenye flashi iliyofomatiwa kwa exFAT, aina ya mfumo wa faili. Haibebi ruhusa wala mmiliki, kwa hivyo ukifika kwingine faili zafunguka bila maswali. Ila na yeyote atakayeiokota flashi kwenye feri atazifungua pia.