Shabu: nimedhaniwa mla unga kwa ajili ya jiwe la kunyolea

MwanaTanga_Muscat
Wadau, jana nimejikata kidevu nikinyoa. Nikamwambia Mfilipino ninayekaa naye chumba kimoja kuwa natoka kununua shabu. Akanidaka mkono, macho yamemtoka pima! Kumbe kwao shabu ni madawa ya kulevya, yale ya chenga nyeupe. Mimi shabu ninayoijua ni lile jiwe la bibi, alilifungia kwenye kopo la maziwa, masika analizungusha kwenye ndoo ya maji ya mto mpaka tope litue. Hili neno asili yake wapi? Na lenyewe ni kitu gani hasa?

KinyoziMstaafu
Mwanangu, ni Kiarabu, shabb. Uko Omani na hujui? Waulize hao wauza dawa za asili, watakutajia shabbu yamani, ya Yemeni, ndiyo iliyosifiwa tangu zamani. Mimi nilikuwa nalowesha jiwe, napitisha shingoni mara moja, mteja anaruka, damu imekata. Baadaye nikaona jiwe moja kwa shingo zote si usafi. Nikawa naisaga, naitia maji kwenye chupa ya kupuliza. Ukiilamba ina ukakasi kuliko bibo.

MwalimuKemia
Ni chumvi ya potasiamu, alumini na salfeti, imebeba na molekuli 12 za maji. Weka kipande kwenye kikaango kikavu uone: kinayeyuka kwa maji yake mwenyewe, kinatokota, kisha kinavimba povu jeupe na kukauka kama ukoko. Warumi waliiita alumen, na mwaka 1808 Humphry Davy akachukua jina hilo kuiita metali iliyomo ndani yake. Kwa hiyo sufuria ya alumini ya bibi yako imeitwa kwa jina la lile jiwe lake! Ila ndoo ile ilipaswa kuchemshwa bado. Shabu hugandanisha tope likazama, wadudu wa maradhi si wote wanaozama nalo.

MwanaTanga_Muscat
Alichemsha, mwalimu, kuni zenyewe nilikuwa nazibeba mimi. Shukrani mzee kinyozi. Leo nimemwonyesha mwenzangu jiwe lenyewe, kacheka mpaka kakaa chini. Kwao linaitwa tawas, mama yake hujipaka kwapani asinuke jasho. Kaomba kipande, nimemvunjia nusu.