Mjadala: Msomi akishaondoka na maneno ya watu wa mkonge, nani anamdai nani?

Mleta mada, Ngamiani, Tanga

Wadau, shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nina jambo linanikereketa na naomba tulijadili kwa adabu, maana najua humu wamo wahadhiri, wamo wakulima, na wamo wajukuu wa manamba, wale vibarua wa mkataba wa mashambani, kama mimi.

Msomi wa uchumi wa kisiasa anakuja Tanga, anakaa miezi kadhaa na watu wa mashamba ya mkonge, anaondoka na maneno yao, anaandika tasnifu kwa Kiingereza, anapata udaktari. Je, iwe lazima kazi ile irudi kwa waliohojiwa, kwa Kiswahili, au abaki nayo akipenda? Mimi nasema iwe lazima, na asivae joho mpaka airudishe.

Babu yangu alitoka Songea na jina lake, akafika Korogwe akiitwa kwa namba. Ndiyo enzi za Silabu, ile ofisi ya kukusanya vibarua iliyoanzishwa na wenye mashamba mwaka 1944. Alifanya kazi kwa kipande, kadi ya siku 30, na siku ambayo hukumaliza ngwe yako haikuandikwa. Bibi alimkuta huko huko kambini.

Miaka kadhaa nyuma alikuja mtafiti nyumbani. Kijana mwenye heshima, alimwamkia bibi vizuri, akakaa naye mkekani alasiri tatu, akala mihogo ya nazi. Bibi akaweka dole gumba kwenye karatasi ya ridhaa iliyoandikwa Kiingereza. Mwaka jana nimeikuta tasnifu hiyo mtandaoni, kurasa zaidi ya mia tatu. Bibi yumo, anaitwa kwa herufi moja tu, mjane wa kambini. Nikaanza kumtafsiria, kurasa chache kila usiku baada ya isha. Alisikiliza kimya kabisa. Nilipofika mahali pa babu akaniambia, "Rudia hapo."

Taaluma hii ya uchumi wa kisiasa inauliza nani anamiliki ardhi, nani anailima, pato linabaki kwa nani na nani anaamua. Kwetu hayo si ya darasani. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na miche iliyopona safari ilikuwa 62 tu. Kufika 1964 nchi yetu ilitoa tani zipatazo 230,000, hakuna aliyetupita duniani. Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, kamba za plastiki zikajaa sokoni, na miaka ya 1990 inaisha tumebaki na tani 20,000 hivi. Kosa lilikuwa la utaifishaji, la soko la dunia, au la waliokabidhiwa mashamba? Barazani tunabishana hilo mpaka chai inapoa, wakati wapo watu walioshinda kwenye nyaraka miaka mingi wakalichambua. Hata Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyefundisha Dar es Salaam, aliandika pamoja na wasomi wawili wa Kitanzania kuhusu vibarua wa mkonge wakati wa ukoloni. Kazi hiyo ilichapwa Hamburg mwaka 1983, miaka mitatu baada ya yeye kuuawa kwao Georgetown. Habari za manamba, kwa Kiingereza, Ujerumani. Naomba maoni.

Mhadhiri, Dar es Salaam

Ndugu mleta mada, umesema kwa uchungu na nakuelewa, lakini neno "lazima" linanitisha. Kwanza, mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala za majarida yanayotambulika. Miezi minne ya kuandika muhtasari wa Kiswahili na kuupeleka vijijini haihesabiwi popote, na nauli ni yako.

Pili, na hili ndilo kubwa, bibi yako aliitwa kwa herufi moja ili asidhurike. Mimi nimehoji vibarua walionieleza habari za wasimamizi wao. Nikiirudisha ripoti kambini kwa Kiswahili chepesi, msimamizi ataisoma kabla ya kibarua, na atajua nani kasema nini kwa namna tu ya usemi. Kiingereza kile unachokilaumu kimewahi kumlindia mtu riziki yake.

Tatu, msomi anadaiwa ukweli. Akianza kuandika akiwaza kwamba waliohojiwa watakaa kumsikiliza, atalainisha. Kurudi kijijini ni hisani nzuri, ila tusiifanye sehemu ya taaluma.

Mkulima, Magoma

Mwalimu, shikamoo. Mimi nalima mkonge, na nimehojiwa mara tatu na watu watatu tofauti. Nikuambie walichokuwa wanauliza: makato ya fedha yangu. Jani nalikata mwenyewe, nafunga majani 30 kwa fungu, nahesabu kwa macho yangu. Likishaingia korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, silioni tena. Singa, yaani nyuzi zenyewe, ni kama asilimia 4 ya jani, mengine ni maji na makapi, na wa kusema leo zimetoka kilo ngapi si mimi. Hapo ndipo fedha yangu inapopotelea au isipotee, sijui.

Wote watatu walilielewa hilo vizuri, mmoja alichora mpaka mchoro. Mimi sihitaji kitabu kizima. Nilihitaji ule mchoro, siku ya mkutano wa AMCOS, chama chetu cha ushirika, niunyanyue mbele ya wenzangu. Tulibishana na wenye mashine kwa midomo mitupu, na jibu tuliloambiwa ni kwamba sisi hatujui hesabu.

Mwanafunzi, Chumbageni

Mimi niko mwaka wa pili chuoni. Swali langu ni dogo: hizo dhana utazisemaje kwa Kiswahili? Hata walimu wetu wakifika kwenye nadharia wanahama lugha.

Mleta mada

Nianze na mdogo wangu. Profesa Issa Shivji, mwanasheria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, amekuwa akiandika insha na mashairi kwa Kiswahili juu ya mambo haya haya ya tabaka na ardhi. Tume ya Ardhi aliyoiongoza kuanzia 1991 ilizunguka nchi ikisikiliza wanakijiji mikutanoni, na walioeleza habari za kuporwa ardhi walizieleza kwa Kiswahili. Ilipendekeza mamlaka ya juu ya ardhi yasibaki kwa Rais. Sheria za 1999 zikayaacha kwa Rais. Dhana nzito kuliko hiyo sijui ni ipi, na wakulima waliielewa. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama. Hakimu amemudu, mhadhiri atashindwa nini?

Mwalimu, la msimamizi umenigusa na silipuuzi. Basi lisirudi kila neno. Kinachoweza kumponza mtu kibaki ndani. Lakini mchoro wa ndugu yetu wa Magoma haukuwa na siri ya mtu yeyote. Na la vyeo, hapo tuko pamoja, chuo kibadili hesabu yake.

Ila kwamba kurudi ni hisani, hapana. Nimalizie ya bibi. Mahali alipotaka nirudie, tasnifu ilikuwa imechukua malipo ya mkata mkonge, ikayagawa kwa siku, ikaonyesha kwamba yalimtosha mtu mmoja kula na kidogo kikabaki. Bibi akauliza, "Mtu mmoja yupi?" Akanionyesha mkono wake wa kushoto, alama za miiba toka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Babu alikuwa akikata, yeye nyuma yake akifunga, mtoto mgongoni. Alfajiri mpaka jua la saa tano. Bila yeye ngwe haiishi, na ngwe isipoisha siku haiandikwi. Daftarini ilikuwepo namba moja, ya babu.

Kwa hiyo ujira ule ulikuwa wa watu wawili, na hesabu ya sura nzima imekaa vibaya. Wasahihishaji wote waliipitisha, na aliyeliona kosa ni mwanamke asiyejua kusoma, usiku wa kwanza aliposomewa.

Nilimwandikia yule mtafiti, siku hizi naye anafundisha. Amenijibu juzi kwa uungwana. Anasema madaftari yake anayo bado, ameyapitia yote, na swali hilo hakumuuliza.

Bibi anasema aje, mihogo ipo.