Hivi ile programu ya "kukusaidia kutulia" ilitengenezwa na adui wa wenye ADHD, sisi ambao akili haitulii kwenye kitu kimoja?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mkiona makosa ya uandishi nyamazeni.

Mnaijua. Ile yenye kadude kanakotabasamu, ambayo mtu akiuliza humu "wenye ADHD mnatumia nini" mnamtajia nyote. Silitaji jina, sitoi tangazo la bure.

Leo nimekaa na ripoti ya bosi, na kwa mara ya kwanza tangu uhuru akili ikakubali. Wenzangu mnajua hali hiyo ilivyo adimu: husikii bodaboda, husikii jirani, Excel inateremka yenyewe. Nikiwa humo humo, simu ikapiga TARUMBETA. "Hongera! Umetulia!"

NILIKUWA nimetulia! Ni kumwamsha mtoto ili umpongeze kwa kulala!

Nashika simu niizime, inaniuliza naipa nyota ngapi. Sijajibu, inaniambia nimchagulie kadude kofia. Wakuu, nilichagua kofia. Nakuja kushtuka saa nane mchana, niko YouTube naangalia pweza anafungua chupa.

Na hela wamekata. Eti "jaribu bure siku 7", usipojitoa unalipia mwaka mzima. Mwenye ADHD akumbuke siku ya saba! Wanakula usahaulifu wetu.

Lakini hela nasamehe. Tarumbeta, wallahi, sisamehi.

Kijiti Kikavu: Tuanzie kwenye kofia. Ulichukua ipi?

Mleta uzi: Ya bluu, yenye manyoya. Usinichokoze.

Bi Mipangilio: Arifa zinazimwa kwenye mipangilio. Watu hamsomi.

Mleta uzi: Dada, ningeweza kufika kwenye mipangilio bila kupitia WhatsApp, programu ningeitakia nini?

Fundi Saa: Zote hizo zinasaidia siku za mwanzo tu kwa sababu ni ngeni, ubongo wa ADHD unapenda kipya. Nunua saa ya jikoni ya kuzungusha. Francesco Cirillo alivyoanza mbinu yake ya kugawa muda wa kazi, Pomodoro, miaka ya 1980 alitumia hiyo hiyo, yenye umbo la nyanya: dakika 25 kazi, 5 pumzika. Nyanya haivai kofia.

Mkongwe: Siku hizi kila mvivu ana ADHD. Sisi tulisoma kwa koroboi.

Kijiti Kikavu: Na matokeo tunayaona, mzee wangu.

Shangazi wa Mjini: Mimi napigiana simu ya video na mdogo wangu, kila mtu na kazi yake, hatuongei. Nikimwona kakaa, na mimi nakaa. Shida bando! Tukimaliza salamu tu, meseji: "umetumia asilimia 75".

Mkongwe: Hapo kwenye bando nakuunga mkono. La wiki limeisha Jumatano na simu iko kabatini.

Bi Mipangilio: Ule mtandao mwingine ndio majambazi kabisa.

Mleta uzi: Jamani, tarumbeta…

Mkongwe: Kijana, tarumbeta ifungulie uzi wake. Shangazi, kile kifurushi cha usiku bado kipo?