Beji za kupimia mionzi inayotupata kazini zimefungiwa kwenye DROO halafu tunaambiwa "dozi zetu ni safi"!

Wakuu, nimechefuka. Bosi yule yule mnayemjua leo kasimama mbele ya watu anatamba kwamba idara nzima ya eksirei haina dozi, yaani hakuna aliyepata mionzi. Itatoka wapi? Beji zimo kwenye droo yake na ufunguo uko mfukoni mwake! Kitasa cha mlango wa eksirei kimekula mionzi kuliko beji zile.

Beji inakaa kifuani, ndani ya aproni ya risasi (ile metali nzito inayozuia mionzi). Kazi ikiisha inarudi kwenye ubao nje ya chumba cha mashine, pamoja na ile ya kulinganishia, isiyovaliwa na mtu. Ikiwa kwenye droo inapima droo! Ukomo wa mfanyakazi ni wastani wa milisivati (kipimo cha dozi) 20 kwa mwaka ndani ya miaka 5, na mwaka wowote usivuke 50. Mtu atajuaje kafika wapi?

Ukimuuliza bosi: "Muulize afisa mionzi." Afisa anasimamia kanuni, anakagua, anatunza rekodi. Mwenye dhamana ni mwenye leseni ya kutumia mashine, na dhamana hiyo haihamishiki. Afisa wetu hata kusimamisha mashine haruhusiwi! Droo, jamani!

Kivuli: Afadhali nyie. Kwetu zinaachwa zimebanwa kwenye aproni ndani ya chumba, mashine inapiga kutwa. Majibu yakija, aliyekuwa likizo ndiye mwenye dozi kubwa kuliko wote.

NusuMita: Mleta mada, kelele za nini? Kuvaa beji ni wajibu wako, na kutoa taarifa kwa maandishi pia. Barua umeandika?

Mleta mada: Mkuu, ufunguo anao YEYE!

NusuMita: Kwa hiyo hujaandika.

Kivuli: Na aproni je? Zinakunjwa kama shuka! Risasi inapasuka ndani, kwa nje huoni kitu. Zitundikwe, na kila mwaka zipigwe picha nyufa zionekane.

Darubini: Shukuru unazo. Huku kwenye fluoroskopi (eksirei ya picha mwendo, daktari akiwa kazini) miwani ya risasi ni moja, madaktari wanne. Ukomo wa lenzi ya jicho ulishushwa kutoka milisivati 150 hadi 20 kwa mwaka, wao wanajibu "tumezoea".

NusuMita: Wasogee nyuma. Umbali ukiwa mara mbili, mionzi inabaki robo.

Darubini: Wasogee wapi na katheta, mrija ulio ndani ya mgonjwa, iko mkononi? Ile kinga ya kuning'inia darini ndiyo ivutwe karibu na mgonjwa, imefungwa kamba ukutani tangu ifike.

Kivuli: Yetu imetundikiwa makoti.