Naomba tamthilia ya wageni kutoka sayari nyingine, iliyokamilika

Muulizaji
Ndugu zangu, naomba mnipendekezee tamthilia ya runinga inayohusu viumbe wa sayari nyingine wanaokuja duniani. Sitafuti mapigano ya vyombo vya angani. Nataka kuona wanadamu wanavyogeuka mgeni wa namna hiyo anapobisha hodi: nani anamkaribisha, nani anamkimbia na nani anajinufaisha. Tena iwe imefika mwisho, kwa kuwa toleo jipya la V lililoanza mwaka 2009 nililifuatilia kwa shauku, likakatishwa mwaka 2011 baada ya msimu wa pili, kisa kikiwa hakijafumbuliwa.

Jibu la kwanza
Pole sana. Rudi kwenye V ya mwaka 1983, aliyoiandika na kuiongoza Kenneth Johnson. Wageni wenye sura kama zetu wanafika wakisema wamekuja kwa amani, na ni vyombo vyao tu, vilivyotanda juu ya miji mikubwa, vinavyotia shaka. Punde wanasayansi wanasingiziwa njama na kusakwa, na majirani wanaanza kuchongeana. Mzee Abraham, Myahudi aliyenusurika mauaji ya Wanazi, anatambua mapema kwamba mambo haya aliwahi kuyaona, ilhali mjukuu wake mwenyewe amevaa sare ya vijana wanaowatumikia wageni. Kisa cha familia hiyo ndicho hasa unachokitafuta. Endelea na V: The Final Battle ya mwaka 1984, ambayo Johnson alijiondoa kabla haijakamilika, lakini inafunga hadithi. Mfululizo wa kila wiki uliofuata uache, kwani nao ulikatishwa.

Jibu la pili
Hiyo ni nzuri, ila mimi ningetanguliza Torchwood: Children of Earth ya BBC, yenye sehemu 5 zilizorushwa kwa siku 5 mfululizo mwezi Julai 2009. Watoto wa dunia nzima wanasimama ghafla na kutamka kwa sauti moja kwamba kuna wanaokuja, kisha wageni wanadai wapewe asilimia 10 ya watoto wote. Serikali ya Uingereza inaketi mezani kuamua ni watoto wa nani watakaotolewa, na jinsi wakubwa wale wanavyoupanga uovu huo kwa lugha ya kiofisi inatisha kuliko kiumbe mwenyewe. Si lazima uwe umetazama misimu miwili iliyotangulia, lakini usiitazame pamoja na watoto.

Jibu la tatu
Kama una subira, ongeza Taken ya mwaka 2002, ambayo Steven Spielberg alikuwa miongoni mwa watayarishaji wake wakuu. Kwa sehemu 10 inafuata familia tatu, kizazi baada ya kizazi, kuanzia Vita vya Pili vya Dunia. Humo wageni hawajitangazi, kwa hiyo sehemu ya kwanza ya ombi lako inatimia nusu tu.

Muulizaji
Nashukuru sana. Nitaanza na V ya 1983 kwa ajili ya mzee Abraham, kisha Torchwood.