Mbwa kala sumu ya panya nusu saa iliyopita, nifanyeje?

Mama Popi: Wakuu, nipo Mbagala. Popi wangu, miezi 8, kilo kama 12, kaingia stoo kala sumu ya panya, zile punje za buluu. Pakiti nimeikuta imechanika, punje mbili zimemganda kwenye masharubu. Ila anacheza kama kawaida. Jirani anasema nimpe maziwa. Nimpe, au nisubiri kesho nione?

Mpemba Halisi: Pole dada. Maziwa na mkaa wa kusaga, nyumbani ndivyo tulivyokuwa tunafanya.

Dokta Mifugo: Mama Popi, usisubiri kesho. Maziwa hayaondoi sumu hiyo. Mafuta usimmiminie, yanaweza kuingia mapafuni; chumvi nayo inaweza kumuua. Soma pakiti, imeandikwa nini?

Mama Popi: Bromadiolone 0.005%.

Dokta Mifugo: Hiyo inazuia damu kuganda. Anacheza kwa sababu mwili bado una akiba ya kugandisha damu. Ikiisha, kwa kawaida siku ya 3 hadi ya 5, ndipo anaanza kuvuja damu kwa ndani. Mpeleke sasa hivi na pakiti yake, daktari amtapishe kwa sindano. Saa mbili za mwanzo ndizo zenye faida kubwa.

Mzee wa Kibaha: Sikiliza dokta, mwanangu. Wangu nilimsubiria. Siku ya nne ufizi umekuwa mweupe kama karatasi, damu inadondoka puani. Alinifia mapajani.

Mama Popi: Niko kwenye bajaji.

Dokta Mifugo: Na wengine mnaosoma: zile za kufungwa kwenye karatasi, zinazouzwa mtaani kwa spika, hazina jina, msidhani ni hizi hizi. Nyingine ni viuatilifu vya shambani: mate yanamtoka, anatetemeka, dakika chache tu keshaanguka. Na kama ni zinki fosfidi, aina nyingine ya sumu ya panya, usimpe chakula, maana chakula huongeza asidi ya tumbo, na asidi hiyo ikikutana na sumu ndipo inatoka gesi yenye sumu. Matapishi yake msiyavutie hewa, fungueni madirisha.

Mama Popi: Katapika, punje tumeziona kwa macho! Kaandikiwa vitamini K1, ya kusaidia damu igande, wiki 4, ale pamoja na chakula chenye mafuta, kisha siku 2 baada ya kumaliza nimrudishe apimwe damu. Ila duka la dawa wamenipa K3, wanasema ni ile ile.

Dokta Mifugo: Siyo ile ile. K3 haimsaidii. Irudishe leo, usiondoke bila K1.