Kaka anataka kila mtu ataje mshahara wake tugawane gharama za mama. Nitaje?

Kitinda Mimba

Habari za muda huu wakuu. Naomba ushauri, matusi wekeni pembeni.

Tuko watatu kwa mama: kaka mkubwa, dada, na mimi wa mwisho. Mama sasa hawezi kukaa peke yake, anahitaji mtu wa kushinda naye na dawa za kila mwezi. Hilo hakuna anayelipinga. Tulikuwa tunachanga kila mtu anavyojaliwa, matokeo yake mwezi huu dada anaziba pengo, mwezi ujao kaka ananuna. Juzi kaka akaleta hoja kwenye kundi la familia: kila mmoja ataje mshahara wake, gharama tugawane kwa uwiano, anayepata zaidi atoe zaidi. Dada akataja palepale. Kaka naye akataja. Wananingoja mimi.

Shida ni kwamba mwaka jana nilibadilisha kazi, na ninachopata sasa kinawazidi wote wawili, tena si kidogo. Wao wanadhani bado niko kule kule. Kutoa zaidi sikatai. Ninachoogopa ni maisha baada ya kutaja. Wifi yangu, mke wa kaka, yumo humo kundini, na ana biashara ambayo haiishi kutafuta mtaji.

La pili ni dogo. Rafiki yangu tuliyesoma wote, fani moja, ameitwa kwenye usaili wa nafasi kama yangu kampuni nyingine, ananiuliza nalipwa ngapi. Huyu nimwambie?

Mume wangu anajua kila kitu, msianze kuniuliza hilo. Yeye anasema nikae kimya tu watachoka wenyewe.

Jiwe la Pembeni

Kaa kimya. Watu wakishajua unachopata wanaanza kukupangia matumizi. Unakuwa benki isiyo na riba wala fomu.

Mama Wawili

Mdogo wangu, nitakujibu kwa kirefu kwa sababu mimi kwetu ndiye mkubwa, na hoja ya kaka yako niliwahi kuileta kwa wadogo zangu. Sikuwa na shida na mfuko wa mtu. Nilichoka kuwa yule anayekumbusha watu kila mwisho wa mwezi na kuonekana ana roho mbaya. Kwa hiyo usianze kwa kumdhania kaka yako vibaya.

Ila mshahara ni kipimo kibovu cha uwezo wa mtu. Kwanza, mshahara upi? Ule wa kwenye mkataba, au unaoingia mkononi baada ya kodi, bima na makato ya uzeeni? Watu watatu wakitaja mshahara kwa pamoja, mmoja kataja ghafi, mwingine kataja kinachobaki, wa tatu kasahau posho. Pili, nani ana ajira ya kudumu na nani ana mkataba wa mwaka? Mwenye mkataba mfupi akilipwa zaidi, sehemu ya hela hiyo ni ya kumvusha miezi atakayokuwa anatafuta kazi nyingine.

Chukua mfano. Mmoja anapata 100, wa pili 60, wa tatu 40. Gharama za mama ni 20. Kwa hesabu ya kaka, wa kwanza atatoa 10, wa pili 6, wa tatu 4. Inapendeza. Sasa toa kodi ya nyumba, ada za watoto na mkopo. Tuseme wa kwanza anabaki na 30, wa pili naye 30, wa tatu 20. Ukigawa kwa kilichobaki, wa kwanza anatoa 7.5, wa pili 7.5, wa tatu 5. Familia ile ile, mama yule yule, majibu mawili, na kila mmoja atalipenda lile linalompunguzia. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia, maana mtakuwa mnajadili kama ada za shule ya watoto wa fulani ni lazima au ni kujitakia.

Ushauri wangu: mwambie kaka muanze na gharama, mishahara muiache. Mlezi analipwa ngapi, dawa ngapi, usafiri wa hospitali, na akiba ya dharura. Ikishaandikwa, kila mtu achukue kifungu atakachokibeba. Ukisema "mshahara wa mlezi ni juu yangu kila mwezi, msinikumbushe", nani atarudi kudai namba?

Jiwe la Pembeni

Wifi.

Fundi Hesabu

Kuna njia ya kupata uwiano bila mtu kutaja chochote. Wewe wazia namba yoyote ya uongo, ichanganye na mshahara wako, mpe dada jumla hiyo kwa siri. Dada aongeze wa kwake ampe kaka. Kaka aongeze wa kwake akurudishie. Wewe toa ile namba yako ya uongo, inabaki jumla ya mishahara mitatu. Itangaze. Kila mtu agawanye wa kwake kwa jumla hiyo, anapata sehemu yake, na hakuna aliyeona mshahara wa mwenzake.

Dirisha la Nyuma

Mkuu Fundi, umesoma uzi kweli? Kaka na dada wameshataja. Jumla ukiondoa hizo mbili inabaki ya nani?

Fundi Hesabu

Aisee. Nimeshikwa.

Dirisha la Nyuma

Na hata wasingetaja. Gharama inajulikana, mchango wake utaonekana, jumla imetangazwa. Mtoto wa darasa la saba anarudisha hesabu nyuma na kuupata mshahara. Uwiano ukifuatwa kwa uaminifu unaitaja namba yako hata kama mdomo umefungwa. Kwa hiyo dada, huwezi kukubali uwiano kisha ukaficha namba. Chagua kimoja. Wazo la Mama Wawili linakufaa kwa sababu kubeba kifungu kizima si uwiano. Watajua una uwezo, lakini hawatajua unaishia wapi.

Mzee wa Kauli

Mnamfundisha mtoto wa watu kukwepa. Wenzake wawili wametaja bila kona, yeye mwenye nacho ndiye anakuja kuomba mbinu. Kimya chake kinaongea. Hapo ndugu zake wameshajikadiria kichwani, na makadirio ya mtu mwenye wivu huwa yanazidi ukweli. Taja, halafu siku hiyo hiyo taja na mipaka: nitatoa hiki kwa mama, zaidi ya hapo sikopeshi. Kinachowatesa watu wengi ni kutojua kusema hapana, namba wanaisingizia tu.

Halafu wanawake mna tabia ya kuficha hela. Mwanaume angeshasema.

Mama Wawili

Mzee wa Kauli, ya kwanza nakubaliana nawe kwa sehemu. Ya pili hapana. Kuna utafiti wa Pamela Jakiela na Owen Ozier, ulichapishwa 2016, walioufanya vijijini Kenya. Watu walipewa hela za kuwekeza kwenye jaribio, wengine mapato yao yakitangazwa mbele ya wenzao, wengine yakibaki siri. Wanawake waliojua mapato yao yataonekana, hasa wenye ndugu waliohudhuria, walikubali faida ndogo mradi hela isijulikane. Walijua wakitoka hapo kuna watu watawafuata. Mtu anayekubali kupoteza faida yake ili isionekane huwezi kumwambia ana tabia ya kuficha. Ameshapiga hesabu ya gharama za kuonekana. Wanaume wanasema kirahisi labda kwa sababu hawaombwi kwa namna ile ile.

Baridi Kali

Niongezee hapo kwenye uwazi. Norwei mapato ya kila mlipa kodi ni taarifa ya umma, na kuanzia 2001 watu waliweza kuyachungulia kirahisi kwenye intaneti. Kuanzia 2014 sheria ya mchezo ikabadilika: ukichungulia mapato ya mtu, yeye anaweza kuona ni nani kachungulia. Uchunguliaji ukaanguka ghafla. Kumbe wengi walitaka kujua, ila hawakutaka ijulikane kwamba wametaka kujua.

Na Ricardo Perez-Truglia alitafiti kipindi kile cha wazi kabisa, matokeo yakatoka 2020. Baada ya orodha kuingia intaneti, pengo la furaha kati ya wenye kipato kikubwa na wenye kidogo lilipanuka. Wa chini walijua kwamba wako chini.

Mimi hili linanifanya nimwangalie dada yake zaidi kuliko wifi. Mtoa mada, kati yako na dada nani mkubwa, na elimu yenu imelingana? Maana wifi atakuomba mtaji, utamkatalia, atanuna wiki. Dada akijua mdogo wake anapata mara mbili au tatu yake hatakuomba kitu. Atanyamaza. Hapo ndipo pagumu.

Kitinda Mimba

Baridi Kali umenigusa. Dada ni mkubwa kwangu, na aliacha masomo njiani ndiyo nikasoma mimi. Hajawahi kunikumbusha hata siku moja. Kaka anaweza kutania, "mshua umefika", yakaisha. Dada nikimtajia atasema hongera mdogo wangu, na hela niliyozoea kumtumia ataanza kuikataa.

Mzee wa Kauli

Basi huyo ndiye wa kumwambia mwenyewe kwa mdomo, peke yenu. Akija kusikia kwa watu itakuwa mbaya zaidi.

Mezani kwa Mezani

Wote mmemrukia kaka, rafiki wa usaili kasahaulika. Huyo mwambie. Ndugu akijua mshahara wako hakuna anachofanya nao zaidi ya kuulinganisha. Rafiki wa fani moja akijua, anaingia usaili akijua pa kuanzia. Akitaja chini kwa kutojua, waajiri watajua fani yenu inanunulika kwa bei hiyo, na wewe utakutana nayo ukiomba nyongeza.

Lilly Ledbetter alianza kazi 1979 kwenye kiwanda cha matairi Alabama, Marekani, akawa msimamizi. Kwa karibu miaka 20 hakujua kwamba wanaume wa ngazi yake wanamzidi mshahara, mpaka mtu asiyejitaja alipomwachia kikaratasi kilichoandikwa wanacholipwa. Alishitaki. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ikasema amechelewa, muda wa kulalamika ulihesabiwa tangu uamuzi wa malipo ulipofanywa, yaani miaka ambayo hakuwa anajua chochote. Sheria yenye jina lake ikaja 2009 kulirekebisha hilo. Angalia kilichomfungua macho: kikaratasi cha mtu aliyeamua kusema.

Ila soma mkataba wako kwanza. Marekani sheria ya 1935 inawalinda wafanyakazi wengi wa sekta binafsi wanaozungumzia malipo yao. Uingereza, Sheria ya Usawa ya 2010 inamzuia mwajiri kukuadhibu ukizungumza malipo ili kujua kama kuna ubaguzi. Kwingine kifungu cha usiri kinaweza kukuletea barua. Kama kimo, mpe rafiki yako makadirio: "nafasi kama hiyo usikubali chini ya hapa". Kwa usaili, hiyo inamtosha.

Dirisha la Nyuma

Naunga mkono, na nyongeza kidogo. Huko California watafiti waliwaonyesha wafanyakazi wa chuo kikuu cha umma tovuti yenye mishahara ya wenzao, ripoti ikatoka 2012. Waliokuwa chini ya wenzao kuridhika kwao na kazi kulipungua, na hamu ya kutafuta nyingine ikaongezeka. Waliokuwa juu hawakubadilika, wala hawakufurahi zaidi. Kwa hiyo ukimwambia rafiki, jiandae: akipata chini yako atakumbuka, akipata juu yako utakumbuka wewe.

Jiwe la Pembeni

Mimi bado nasema kaa kimya.

Kitinda Mimba

Asanteni wote, hata wewe Jiwe.

Nimempigia kaka, sikuandika kundini. Nimemwambia nakubali kubeba zaidi, ila uwiano wa mishahara sitaki, tuandike gharama tugawane vifungu. Akauliza, "kwani unapata ngapi mpaka unaogopa?" Nikamjibu kwamba inatosha kumlipa mlezi na dawa. Akakaa kimya kidogo, akasema basi yeye ashike usafiri na dharura, dada abaki na matumizi madogo ya ndani kwa sababu ndiye anayekwenda kumwona mama mara nyingi. Nikasema safari zake hizo tuzihesabu kuwa mchango, tusizichukulie poa. Hilo kaka hakuwa amelifikiria. Nami sikuwa nimelifikiria kabla ya simu ile.

Dada nitamwambia mwenyewe nikienda kwa mama. Namba nitampa akiuliza. Asipouliza nitamwambia tu kwamba kazi mpya inalipa vizuri kuliko ile.

Rafiki nimempa makadirio. Mkataba wangu una kile kifungu.

Mzee wa Kauli

Wifi je?

Kitinda Mimba

Kaandika "sawa" moja tu, kavu.

Mama Wawili

Sawa kavu si mbaya, wengine huandika kurasa. Sasa liandikeni hilo kundini vizuri: nani anabeba nini, analipwa nani, tarehe ngapi. Na mkubaliane mapema mlezi akiomba nyongeza atamwomba nani, maana ataomba.

Kitinda Mimba

Nyongeza ni yangu. Nimeshamwambia namba ya kupiga ni ipi.